Hina Kwenye Kiti cha Mzee Sadalla

Doa lilikuwa la hina, alama ya kiganja kizima, katikati ya kiti cha nyuma cha ngozi nyeupe kama maziwa. Anuari, dereva wa Mzee Sadalla, aliinama kulitazama. Asubuhi alimchukua dada yake Husna, bibi harusi wa kesho, kutoka kwa mpambaji Mchikichini kumrudisha nyumbani Buguruni. Mzee alikuwa Dodoma, na mwiko wake ulikuwa mmoja tu: gari hili hapandi mtu bila yeye kujua. Husna aliahidi kukaa mikono juu. Breki moja ya ghafla, akajishikiza.

Saa kumi Mzee angeshuka kwenye treni. Sasa ilikuwa saa nane, Gerezani, kwa Awadhi fundi wa viti.

Awadhi hakuwa na papara. Alipaka sabuni laini, akasugua taratibu kwa brashi ndogo, akafuta, akapaka tena. Povu lilitoka jekundu, doa likabaki palepale.

"Kaka, hii ni ngozi," alisema. "Hina ikishaingia, inafifia kwa wakati wake. Mimi nitaipunguza tu. Mwambie bosi ukweli."

"Ukweli gani? Atanifukuza leo hii! Nina watoto watatu, Awadhi!"

Kushauri ni rahisi, kazi ikiwa si yako. Awadhi alipokwenda kubadilisha maji, Anuari alinyakua chupa ya thina ya mpaka rangi wa jirani, akamimina kwenye tambara, akasugua kama mwenye wazimu. Hina ikatoka! Alicheka peke yake. Kisha akaona rangi ya kiti nayo imo kwenye tambara, na juu ya kiti limebaki baka la kijivu, pana kuliko sinia.

"Umefanya nini?" Awadhi aliachia ndoo.

Simu ikaita. Alikuwa Mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe mtu wa ajabu, Anuari! Dada yako anaolewa kesho, mimi naambiwa na watu baki? Mbona hukuniomba gari? Bibi harusi anapanda gari letu."

"Mzee, ana hina..."

"Apande na hina zake! Kiti kinasafishwa, bwana."

Anuari akakaa chini, kwenye maji ya sabuni.

"Anuari, upo?"

"Nipo, mzee," alisema, tambara la thina bado mkononi.