Mfasiri Aliyeingia Ukutani

Ukumbi wa video ulikuwa na mlango mmoja, na mwenye ukumbi aliufunga kwa kufuli kutoka nje kila filamu ilipoanza, ili wajanja wasiingie bure. Watazamaji walibanana kwenye mabenchi, wote wameelekea ukutani, picha ilikoonyeshwa. Nyuma yao alikaa mfasiri na kipaza sauti chake, akiwasemea kwa Kiswahili watu wa kwenye filamu za kigeni. Asipoelewa, alitunga.

Siku hiyo mkewe alikuwa amejifungua asubuhi, mtoto wa kike, hospitali ya mtaa wa pili tu. Mwenye ukumbi alikuwa kaka wa mkewe.

"Shemeji, nifungulie nikamwone mwanangu mara moja."

"Mtoto hatoroki," shemeji akajibu kupitia tundu la mlango. "Maliza hii kwanza."

"Umesema hivyo tangu ile ya asubuhi."

"Sasa mimi ndiye niliyekuambia uzae siku ya kazi?"

Filamu yenyewe ilihusu wafungwa wa pangoni. Walikuwa wamefungwa minyororo tangu utotoni, wakitazama vivuli ukutani na kuamini kwamba dunia ndiyo hiyo. Mmoja akajifungua, akageukia watazamaji, akaongea maneno mengi. Mfasiri hakushika hata moja. Akili ilikuwa hospitali.

"Anauliza, jamani, nani hapo anataka tubadilishane?" akatunga. Na kwa kuwa alizoea kusemea pande zote mbili, akajijibu humo humo kwenye kipaza sauti: "Mimi."

Mfungwa akashuka ukutani, akajipangusa magoti. Kinyozi wa benchi la mbele akakunja miguu.

"Pita, pita, lakini usituzibe."

Mfungwa akatazama mabenchi, ukuta na mlango uliofungwa, akaonekana kuridhika. Akaenda kukalia kiti cha mfasiri. Mfasiri naye akainamisha kichwa, akaingia ukutani. Alishaona mdomo wa pango, na nje yake jua. Alipanga atokee huko, azunguke nyuma, afike hospitali.

Akatoka pangoni. Kulikuwa na uwanja mpana na hewa nzuri. Akatembea mpaka pembeni, pale picha inapoishia, akagonga kwa ngumi, akajaribu upande wa pili.

"Huyu mfasiri mpya sauti yake inakwaruza," mtu akalalamika.

"Tutamzoea."

Filamu ilipendwa, ikawa inarudiwa tu. Jioni mke akaja moja kwa moja kutoka hospitali, mtoto kifuani. Kaka yake akamwingiza bure, maana ni damu yake, akafunga kufuli.

"Sogeza kichwa, ndugu yangu," mke akamwambia kinyozi, "mtoto amwone baba yake."

Akamwinua mtoto juu. Mumewe akasogea mpaka uso wake ukajaa ukuta mzima. Midomo ikafunguka mara moja, kwa neno fupi lisilosikika, ikafungika.

Kule nyuma mfungwa akakohoa kidogo. "Anasema mtoto kafanana na mama yake, na huko aliko hali ni nzuri, hana shida yoyote, msimsubiri kwa chakula."

Ukumbi ukapiga makofi. Midomo ya mume ikafunguka tena, kwa neno lile lile fupi.

"Na sasa anasemaje?" mke akauliza.

"Anarudia tu," mfungwa akasema.