Mgeni wa Kifaranga

Kifuniko cha birika kiligongagonga jikoni kabla hakujapambazuka. Mama mlezi alifumbua macho, akasikiliza. Ukafuata ufagio, kisha maji yakimwagwa uani. Binti aliyemlea, ambaye mtaa mzima bado unamwita Kifaranga ingawa sasa ana mimba kubwa, alikuwa akiiandaa nyumba kwa ajili ya mgeni.

"Kwangu hujawahi kuamka saa hizi," mama alisema, amesimama mlangoni.

"Wewe si mgeni, Mama."

"Na huyo anayekuja?"

"Shangazi haji kila siku. Kaa basi, nikuletee chai."

Shangazi. Neno hilo lilimchoma kama mwiba uliovunjikia ndani. Mwanamke yule hakuwa ndugu wa mtu. Alikuwa afisa wa ustawi wa jamii, aliyemleta Kifaranga akiwa bado mdogo, akawa anakuja kukagua: atazame kitanda, afungue kabati la chakula, kisha ajifungie chumbani na mtoto, wawili peke yao, kama kazi ilivyomtaka. Mama alikuwa akibaki jikoni akikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa, akisikia vicheko asivyojua sababu yake. Afisa alistaafu, lakini simu zao hazikukoma. Na sasa Kifaranga alihitaji mtu wa kukaa naye hospitalini akijifungua. Hakuwa amemwomba mama. Alikuwa amemwita Shangazi.

Afisa alifika amepungua mwili, anachechemea. Alipoketi tu, mama akainuka kuelekea jikoni. Hakuna aliyemfukuza, miguu ilikuwa imezoea.

"Dada, rudi," afisa alisema. "Leo nimekuja kwako."

Kifaranga akakumbuka ghafla kwamba sukari imeisha, akatoka.

"Anaomba ukakae naye akijifungua," afisa alisema.

Mama akakaa. "Ana mdomo. Kwa nini asiniambie mwenyewe?"

"Anaogopa utamkubalia hata kama mgongo unakuuma. Anasema mimi utaniambia ukweli."

"Kila lake kwako. Tangu zamani mnajifungia, mnacheka. Mlikuwa mnamcheka nani?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Unavyokoroma. Na uji wako wa mabonge. Mwanzoni alikuwa akikusifu tu, kila chako kizuri, huku anatetemeka. Siku alipoanza kukusengenya, nilirudi nyumbani nikalala vizuri. Nilijua haogopi tena kwamba nitamwondoa hapa."

Mama alitaka kununa, lakini midomo ikamsaliti. Hata hivyo wivu haukuondoka wote; ulisogea tu, ukampisha mtu akae. Akaliangalia goti la afisa, lililovimba chini ya pindo la gauni. Kwa goti hilo amepanda basi na kushuka, alete ombi lisilo lake.

"Uji wangu hauna mabonge," alisema hatimaye.

"Siku hizi, labda."

"Mwambie nitakwenda. Mgongo utanifuata nyuma."

Kifaranga aliporudi alikuta wanawake wawili wakinywa chai bila sukari, na hakuna aliyemuuliza alikokuwa. Jioni mama alimsindikiza afisa hadi kituoni, akimpunguzia mwendo kwa ajili ya goti, mkoba wa mgeni begani mwake mwenyewe. Basi lilipotokea, akaushikilia mkoba kidogo kabla ya kuuachia.

"Miaka yote umekuja kwangu kwa ajili yake," alisema. "Njoo tena. Njoo siku ambayo yeye hayupo."