Elvio Pugh na Majabali Mekundu

Mume wangu Elvio Pugh anaamini Mungu alimjalia sauti. Mungu mwenyewe hajaulizwa. Kwaya nzima ya Gaiman inajua kwamba Elvio huingia kabla ya wenzake, juu kidogo ya noti, kisha huwatazama kana kwamba wao ndio waliochelewa. Miaka thelathini nimesimama nyuma yake katika sauti ya pili, nikiitazama shingo yake ikivimba, nikiomba atokee mtu mwenye masikio amwambie aketi.

Basi Julai hii, katikati ya majira yetu ya baridi, akatokea. Mwalimu Meinir Rowlands wa kwaya ya Trevelin alitangaza kwamba kwaya zetu mbili zitaimba pamoja kwenye tamasha la Oktoba, lakini jukwaa halitutoshi wote. Tungefanya mazoezi kwake, na papo hapo angechagua wa kubaki. Nilifurahi, sifichi. Nafasi yangu haikunitia wasiwasi. Safu yetu ya nyuma haiingii mpaka inisikie mimi.

Tuliondoka alfajiri, Elvio akiendesha, mimi nikimmiminia yerba, chai yetu ya majani machungu. Kwetu mmoja hujaza kibuyu, mwenzake hunyonya kwa mrija akarudisha, kikajazwa tena, na hakuna anayesema asante mpaka awe ametosheka kabisa. Elvio humaliza chupa nzima ya maji ya moto hajashukuru.

Penye majabali mekundu ya Los Altares akasimamisha gari.

"Shuka, mama, tutazame."

"Tutazame nini? Mawe haya si ndiyo yaleyale ya mwaka jana?"

"Wewe hata uzuri ukukanyage hutauona."

"Ninachoona ni baridi. Funga skafu basi, mwanamume."

"Mwimbaji hafungi koo, bibi wee."

Akashuka kifua wazi katika upepo ule wa nyikani, akatanua miguu, akayaimbia majabali ubeti mzima. Majabali yakamrudishia.

"Umesikia hiyo?" akaniuliza machozi yakimtoka kwa baridi.

"Nimesikia. Hata mawe yamekurudishia, hayakuitaka."

Hakukoma. Mbele kidogo tukakuta guanako, wale ngamia wadogo wasio na nundu, wanakula nyasi kando ya barabara. Akawaimbia, wakatimua mbio. Tulipofika kwenye theluji, akashuka tena akaiimbia theluji. Trevelin, mlangoni mwa kanisa, alifungua kinywa amwamkie Mwalimu, ukatoka upepo mtupu, kama tairi lililotobolewa.

"Haya sasa," nikamnong'oneza. "Umeyagawia mawe sauti yote, hukujibakizia. Kamwambie Mwalimu ukweli ukae."

Akatikisa kichwa, akaenda kusimama safu ya mbele na wenzake wa sauti ya tatu. Sijawahi kuona ukaidi wa bure kama ule. Nilicheka wazi, mpaka wa pembeni yangu akanikanyaga.

Mwalimu Meinir hukaa mwisho kabisa wa kanisa na kufumba macho, asikie sauti asione sura, asije akamwonea mtu haya. Tukaanza. Elvio alitanua kinywa akawa anatafuna hewa. Ubeti wa pili huanzwa na sauti ya tatu, halafu sisi tunafuata. Nikavuta pumzi, nikasubiri.

Nilikuwa nasubiri nini? Kosa la Elvio! Miaka yote ile yeye akishakosea mbele yangu, mimi huhesabu kidogo nikaingia sawasawa, watu wakanisifu masikio. Safari hii kosa halikuja. Sauti ya tatu ikapita laini kabisa, nami nimebaki na pumzi kifuani, na safu yangu nzima inanisubiri. Tukarudia, nikachelewa vilevile. Tuliporudia tena nikaruka peke yangu, mapema, kama yeye.

Mwalimu akafumbua macho. "Sauti ya tatu! Leo mmekuwa sauti moja. Ndugu Elvio, sijui umefanya nini, lakini endelea hivyohivyo. Nyote mnakwenda. Sauti ya pili, safu ya nyuma, mwaka huu mpumzike. Dada Delmira, pole."

Elvio aliinua mkono kutaka kusema, akakoroma tu. Watu wakadhani furaha imemkaba, wakampigia makofi. Kwenye chai walimkatia kipande kikubwa cha keki nyeusi. Mimi nilikwenda kulia chooni, na nililia kwa hasira.

Tulilala kwa dada yangu, asubuhi tukarudi. Elvio hakutazama mlima wala mto. Nikampa kibuyu cha kwanza, akanyonya, akarudisha.

"Asante," akasema kwa sauti iliyokwaruza.

Nikageuka. "Kimoja tu? Unaumwa?"

"Oktoba siendi. Miaka yote naimba hakuna aliyenisifu. Nimenyamaza siku moja, wakapiga makofi."

Nikaifunga chupa ya maji. Tukaenda hivyo mpaka kwenye majabali mekundu, naye hata mguu hakuondoa kwenye mafuta.

"Simama," nikasema.

"Si ulisema ni mawe tu?"

"Nimesema simama!"

Akasimama. Kwetu kumjazia tena mtu aliyekwisha kusema asante ni utovu wa adabu. Nilimjazia pomoni.

"Kunywa hiyo, koo lipone. Oktoba utakwenda."

"Nikafanye nini?"

"Ukaimbe kama unavyoimba. Kabla ya wenzako, juu ya noti, kwa nguvu zako zote. Mimi nitaketi mbele kabisa, nimwone yule mama Meinir akifumbua macho."

Akanitazama, akanyonya mpaka mrija ukalia. Akanirudishia kibuyu, hakusema asante.