Mwanafunzi Aliyejifanya Hajui Kufuma

Mwanamke huyo alifika Jumamosi ya kwanza ya Juni, dakika kumi kabla ya saa nane mchana, na mwalimu Eunike alianza kumtilia shaka tangu alipotaja jina lake. Alisema anaitwa Martha. Basi. Hakusema ni Mama nani. Kwa umri wake, sitini au zaidi kidogo, mwanamke wa Moshi hujitambulisha kwa mtoto wake wa kwanza kabla hata hajaulizwa, na asiyejaliwa mtoto hutaja ukoo au usharika anaosali. Huyu alisema Martha, akaongeza kwamba anatoka Mabogini, kwa wakulima wa mpunga, kisha akakaa.

Eunike alimwamkia, akamsogezea kiti, akamuuliza kama amewahi kushika kroshia. Akajibu kwamba hajawahi hata kuigusa.

Darasa lilikuwa barazani kwa Eunike, Shirimatunda. Wanafunzi walikuwa wanne: Martha, dada wawili wa nyumba ya jirani, na msichana aitwaye Kindness, wa miaka ishirini na sita, aliyeajiriwa kwenye duka la dawa mjini. Kazi yao ya wiki sita ilikuwa begi moja la bega la rangi mbili, kitako na nusu ya chini kahawia, nusu ya juu rangi ya maziwa. Begi lenyewe halina ugumu. Unaanza na mnyororo wa vitanzi thelathini, unauzunguka pande zote mbili kupata kitako, halafu unapanda mzunguko kwa mzunguko bila kuongeza wala kupunguza. Mwishoni unaweka mikono miwili. Hata asiyejua kitu hulimaliza.

Shaka ya Eunike ilikuwa na chanzo. Mwaka uliopita alimfundisha binti mmoja, Victoria, begi hilohilo. Victoria alishukuru, akaaga vizuri, na baada ya miezi miwili akafungua darasa lake karibu na soko, begi lilelile, rangi zilezile, hata maneno ya kufundishia yalikuwa ya Eunike. Tangu hapo Eunike huangalia mikono ya mtu kabla ya uso wake.

Na mikono ya Martha haikumpa raha. Jumamosi ya pili, wakati wenzake wanahangaika kuushika uzi usiwatoroke, Eunike aliona uzi wa Martha ukijizungusha wenyewe kwenye kidole cha mwisho, ukapita chini ya viwili na kutokea kwenye cha shahada, kama mtu anavyofunga kanga bila kufikiri. Martha alipoinua macho na kukuta anaangaliwa, aliuachia uzi akaikamata kroshia kwa ngumi kama mwiko wa kusongea ugali. Viatu vyake navyo vilikuwa na udongo mwekundu wa mlimani. Udongo wa Mabogini ni mweusi, na ukikauka kiatuni hupasuka vipande.

Jambo jingine, kila mara alikaa karibu na Kindness. Alimwuliza kama wazazi wake wako hai, anasali wapi, kwao wako wangapi, anapika mwenyewe au ananunua chakula cha mamantilie. Kindness alijibu kwa adabu, akimwita mama. Eunike alidhani maswali hayo ni ya kujifunika tu, mtu aonekane mpenda mazungumzo huku macho yake yanabeba ufundi wa watu.

Jumamosi ya tatu akaamua kumtegea.

Siku hiyo ndiyo walipaswa kubadili rangi. Siri yake ni ndogo: kitanzi cha mwisho cha kahawia humaliziwa kwa uzi wa maziwa. Ukikimalizia kwa kahawia, doa hubaki kwenye mzunguko wa juu na halitoki. Eunike kila mwaka huieleza siri hiyo kabla watu hawajaanza. Safari hii hakueleza. Aliwaambia tu wabadili kila mtu anavyoona, naye akawa anapita nyuma ya viti.

Dada wawili walipata doa. Kindness alipata doa, akalifumua bila kununa, akarudia, akalipata tena. Begi la Martha halikuwa na doa. Rangi ya maziwa ilikuwa imeanza pale hasa ilipotakiwa kuanza, na ncha ya uzi wa kahawia ilikuwa imelazwa ndani ya vitanzi vipya, haionekani nje wala ndani. Eunike alinyoosha mkono alichukue alitazame. Martha akauvuta uzi, na mizunguko mitatu ikafumuka mbele ya macho yao.

"Nimekosea, mwalimu," alisema. "Ngoja nianze upya."

Wakati huohuo simu ya Kindness iliita. Msichana alisimama akashuka hadi kwenye ngazi ya baraza, na wote wakamsikia akisema kwamba yuko zamu dukani, kuna wateja wengi, hatoki mpaka jioni. Alirudi akakaa, akaendelea kufuma akitabasamu peke yake. Dada wawili walicheka. Martha hakucheka. Kwa muda mrefu alikuwa ameshika kazi yake bila kuongeza kitanzi hata kimoja.

Jumatatu Eunike alikwenda mjini moja kwa moja hadi kwa Victoria. Alimkuta anapanga mabegi mlangoni. Hakutaka hata kukaa. Alimwambia kwamba anajua amemtuma mama mmoja wa makamo kwenda kumchunguza, na kwamba safari hii hatanyamaza. Victoria alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwamkia kwanza, kwa kuwa mwalimu wake alikuwa amesahau salamu, kisha akasema, "Mwalimu, begi lako nilishaliweza. Nimtume mtu akalete nini tena?"

Eunike alirudi nyumbani na aibu yake. Lakini shaka haikuondoka. Ilikuwa imekosa tu pa kukaa. Kama huyu mama hakutumwa na Victoria, alikuwa anatafuta nini barazani kwake?

Jumamosi ya nne Kindness alifika amechelewa, macho yamevimba. Martha alikuwa amehama kiti chake, amekaa mwisho kabisa karibu na ndoo ya maji. Msichana alijaribu kufuma akashindwa. Mmoja wa wale dada alimuuliza kama amefiwa, na hapo akaeleza. Mchumba wake, Godlove, dereva wa magari ya watalii, alikuwa hapokei simu zake tangu Jumapili. Jana yake alimtumia ujumbe kwamba ameambiwa ana mwanamume mwingine, na kwamba amesikika kwenye simu akidanganya yuko zamu.

"Sielewi nani alinisikia," alisema Kindness. "Ile simu niliipokea hapahapa."

Eunike alimwangalia Martha. Kroshia ilikuwa mapajani, na mikono yote miwili imeifunika.

"Mama Martha," Eunike alisema, "mwanao anaitwa nani?"

Yule mama aliiweka kroshia kando.

"Wa kwanza ni Eliufoo," alisema. "Wa pili ni Godlove."

Hakuficha tena. Alieleza yote akiwa ameinamisha kichwa. Jina lake ni Ndelilio, wanamwita Mama Eliufoo, wa Machame. Alianza kufuma vitambaa vya meza akiwa na miaka tisa. Eliufoo alimletea mkwe aliyependwa na ukoo mzima siku ya kutambulishwa, na mwaka haukuisha mkwe huyo akamtenga kijana na nduguze wote, hata kwenye mazishi ya baba yake Eliufoo alikuja kama mgeni, akaondoka kabla ya chakula. Godlove alipoanza kumsifu Kindness, mama alikumbuka ile siku ya soda na nguo mpya, akasema safari hii haletewi mtu. Msichana anayekuja kutambulishwa huja na uso wa wageni. Yeye alitaka kuuona ule mwingine. Godlove alikuwa ameshamtajia kwamba mchumba wake anajifunza kufuma kwa mwalimu Eunike, na mama akaona mlango.

"Wiki mbili za kwanza niliridhika," alisema. "Halafu nikasikia ile simu. Nikampigia mwanangu jioni ileile."

Kindness alikuwa amesimama. Aliongea taratibu, bila kupandisha sauti, na Eunike alisema baadaye kwamba ingekuwa nafuu kama angefoka.

"Yule alikuwa dada yangu, mama. Kila Jumamosi anataka kuniletea watoto wake wanne niwalee yeye aende kwenye mambo yake. Hii ndiyo siku yangu pekee. Nikamdanganya nipo kazini."

Mama Eliufoo aliinua uso. Akauliza kama anaweza kumpigia huyo dada wamsikie. Lilikuwa swali baya, hata yeye aliliona lilipokwisha kutoka.

"Sipigi," alisema Kindness. "Umekaa ubavuni kwangu wiki tatu, umeniuliza hadi ninavyopika. Hili moja ukashindwa kuniuliza. Ukitaka kuamini, amini."

Aliweka begi lake kwenye mfuko wa plastiki, likiwa halijapata mikono, akamuaga mwalimu na wale dada, akaondoka. Mama Eliufoo naye akachukua simu na kumpigia mwanawe palepale, kwa Kichagga. Eunike ni Mchagga wa Rombo na Kimachame humpita nusu, lakini nusu aliyoisikia ilimtosha: mama alikuwa anasema kosa ni lake. Alipomaliza, Eunike alikuwa na maneno makali tayari, ya kumwambia mtu mzima aliyetumia baraza yake kwa kazi kama ile. Kisha akamkumbuka Victoria mlangoni na mabegi yake, akaishia kumpa chai.

Mambo hayakutengenea siku hiyo wala wiki ile. Godlove alikwenda kuomba radhi, akapokelewa mlangoni. Kindness alimwambia kwamba mama yake anaweza kumwelewa, mama ni mama, lakini yeye Godlove alikuwa amemjua miaka miwili na bado aliamini simu moja. Alimtaka akae atafakari, naye angetafakari upande wake. Mama Eliufoo alishuka mwenyewe kutoka Machame, akapanga foleni duka la dawa kati ya wagonjwa, na zamu yake ilipofika akasema mbele ya watu kwamba hakuja kununua dawa, amekuja kumwomba msamaha binti huyu kwa kumsema vibaya. Kindness alimwambia amesikia. Halafu akamhudumia aliyefuata.

Ilikuwa Septemba, kahawa imeshaanza kuvunwa, Kindness aliporudi barazani kwa Eunike na begi lake. Alikuwa ameanza kuongea na Godlove tena, na barua ya posa ilikuwa imeahidiwa, ingawa tarehe haikuwa imetajwa. Alimkuta Mama Eliufoo amekaa na wanafunzi wapya, maana Eunike alikuwa amemwomba awe anamsaidia. Mikono yenye ujuzi kama ile kuiacha ikae bure ni dhambi. Walisalimiana. Kila mmoja akakaa upande wake.

Kindness alianza mkono wa kwanza wa begi, na ulikuwa unajisokota kama kamba. Aliufumua mara mbili. Mara ya tatu alinyanyuka, akaenda akauweka mbele ya Mama Eliufoo.

"Mama, hapa panapinda."

Yule mama hakuushika. Aliuangalia, akamwambia kwamba anakaza mno, ndiyo maana.

"Bado sijasamehe yote," Kindness alisema.

"Najua," alisema Mama Eliufoo. "Fumua vitanzi sita vya mwisho, kisha uvute uzi taratibu."

Kindness alivuta kiti, akaanza kufumua.