Kilima Kwenye Dawati la Nyuma

Jumanne, kipindi cha pili, kidato cha tatu walikuwa wamefika ubeti wa nne wa shairi la maporomoko ya ardhi kilima kilipobisha hodi. Mwalimu wa fasihi alikitazama toka mguuni hadi kileleni.

"Umechelewa," alisema. "Kung'uta udongo huko nje, ukae nyuma."

Kilijikung'uta, kikaingia kiubavu, kikakaa dawati la nyuma, dirishani. Darasa likaingia giza, wakawasha taa.

Mradi wa muhula ulikuwa huo: maporomoko ya mwaka jana yalivyosimuliwa katika fasihi na mtandaoni. Shairi lilisema kilima kilikasirika. Video iliyotazamwa na watu milioni mbili ilitiwa muziki wa huzuni, na chini yake mtu aliandika kwamba kilima kile kina roho mbaya, akabandika vikatuni vitatu vinavyolia. Mtandaoni kila mtu ni mtaalamu. Kazi bora ingesomwa mbele ya wageni siku ya kufungua maabara mpya.

Aliyeitaka nafasi hiyo kufa na kupona ni Pacha. Waliendelea kumwita hivyo ingawa pacha mwenzake alifukiwa pamoja na nyumba yao na hakupatikana. Hakutaka makofi. Alitaka sababu itajwe, watu wakisikia.

"Mwalimu, naomba tukiulize chenyewe."

"Uliza, kwa ufupi."

"Shikamoo," Pacha alikiambia kilima.

"Marahaba, mwanangu."

"Ulikasirika?"

"Wapi! Nilikuwa nimesimama tu. Watu wa machimbo wamenichimba mguu miaka sita, wanauza kokoto. Mguu ukaisha, nikaanguka. Nilidhani mnajua. Halafu nasikia kila mtu ananisema. Nikaona asiyekuwepo na lake halipo, nikaja."

Kikaonyesha mguu. Alama za meno ya tingatinga zilikuwa bado zinaonekana.

"Na dada yangu?"

"Ninaye. Anauliza kama unavaa viatu vyake."

"Mwambie vimeshanibana," alisema Pacha, akalia kidogo.

Mwalimu alifungua mwongozo wa kusahihishia. Swali la kwanza: taja sababu ya maporomoko. Jibu: mvua. Alama mbili. Aligeuza ukurasa kutafuta nyongeza, hakuiona.

"Chanzo hiki hakina mwandishi, hakina kiungo, hakina ukurasa," alisema, na kweli ilimuuma. "Andika mvua, mwanangu. Usinifanye nikunyime alama."

Pacha aliandika kokoto, akapata sifuri. Kilima kiliingizwa kwenye daftari la mahudhurio chini ya jina la Pacha, kikaambiwa kikate majani kichwani, maana wanafunzi hawaruhusiwi kufuga nywele.

Siku ya wageni ilisomwa kazi ya kiranja: mvua, halafu hasira ya kilima. Wageni walifuta machozi. Aliyelia kuliko wote ni mwenye machimbo, ambaye ndiye aliyetoa kokoto za maabara.

Baada ya hotuba alipita madarasani kusalimia. Alipofika dawati la nyuma alikipigapiga kilima begani, akachuchumaa, akatoa futi ya kupimia.

"Huu mguu mwingine ni mzima?"

Kilima kikauvutia mguu chini ya dawati.

"Tulia, bwana," alisema mwenye machimbo. "Tunawajengea na bweni."

Mwalimu akamwomba Pacha ashike ncha ya pili ya futi, maana ndiye aliyekuwa karibu.