Inayobakiza

...na kijana bado anaeleza, mashine moja ya kunyolea ndevu kaishika mkono wa kulia na nyingine wa kushoto, anaziinua kwa zamu kama muuza samaki, na Mitsuyo anaitikia kwa kichwa, ndiyo, naam, kumbe, kwa sababu mtu akijipinda vile kukuhudumia huwezi kumwacha aongee na hewa, ingawa wimbo wa duka umeanza tena kule juu kwenye spika, ule ule wa punguzo la vyombo vya nyumbani, na masikio yanashika neno hapa yanapoteza neno pale, "...hii ya wavu, mama, nyembe zake zimejificha chini ya hiki kibati chenye matundu, unapitisha moja kwa moja, juu, chini, inakata mpaka kwenye ngozi, ni ya mtu anayenyoa kila asubuhi bila kukosa," na beji yake inasema Oikawa, na huyo Oikawa mwenyewe kidevu chake kama yai, "na hii ya vichwa vitatu, vinazunguka, unaipeleka shavuni kwa duara, hivi, basi hapo ni kujua tu mzee ana ndevu za namna gani, ngumu, laini, zinalala kuelekea wapi," anangoja, anatabasamu, na Mitsuyo naye anatabasamu. Ndevu za namna gani. Anajua ukubwa wa shingo ya mashati yake, anajua dawa yake ya presha ni ile ya kidonge cheupe, kila msimu ulipogeuka amemkunjia nguo nzito au nyepesi akazifunga kwenye boksi pamoja na chai na plamu za chumvi akazipeleka posta, aliyemwona angesema huyo ndiye mke, lakini ndevu, ndevu za mume wake wa ndoa zinalala kuelekea wapi, hajui, aibu iliyoje, na mtoto wa watu anangoja.

Makosa ni ya Chiharu, yeye ndiye aliyepiga simu, "Mama, safari hii baba anarudi moja kwa moja, mnunulie kitu bwana, asifike kama mgeni," kitu gani sasa, "kitu cha kila siku, cha kukaa bafuni pembeni ya mswaki wako," ana maneno huyo, kaolewa juzi tu keshakuwa somo wa mama yake... lakini ndiyo, anarudi, mwisho wa mwezi, kampuni imetangaza uhamisho, Hidenori anatoka Akita anarudi Himeji, na huko Akita alikwenda wakati Chiharu bado anabeba lile begi jekundu la shule ya msingi, alikwenda peke yake kama wanavyokwenda waume wa kampuni, baba huko kwenye theluji, mama na mtoto huku kwenye nyumba ya mkopo, mitihani ikiisha mtamfuata, mitihani ikaisha, ikaja mingine, kisha pakawa hapana mtihani wala mtoto nyumbani na bado hakuna aliyemfuata mwenzake. Bi Sugaya wa jirani alikuwa akimtania siku za zamu ya kufagia uchochoro, "Wewe una bahati, mume mzuri ni mwenye afya asiyekaa nyumbani, wangu yuko pale kwenye kochi kama gunia la mchele," na Mitsuyo alicheka, alicheka sana, halafu akaingia ndani akala wali wa jana amesimama jikoni, kwa nini ukae mezani kama uko peke yako. "Unaweza kujaribu mkononi, mama, ruksa," anasema Oikawa, akaiwasha ile ya wavu, na hapo hapo Mitsuyo akashika ukingo wa rafu.

Sauti ile. Kali, nyembamba, ya nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, aliisikia kila asubuhi katika kile chumba chao cha kwanza juu ya duka la baiskeli, walipokuwa bado wanaitana kwa majina, kabla hajawa Mama Chiharu, mlango wa karatasi katikati, yeye akikoroga supu ya miso, Hidenori upande wa pili akinyoa, na supu ilikuwa haichemki kabla sauti haijakoma, sijui ilikuwaje lakini ndivyo ilivyokuwa, halafu mlango unasukumwa na mtu anakuja ananyoosha shingo kama kuku, "Mitsuyo, hebu gusa, pamebaki?" na yeye na kidole chake kilicholowa, "Pamebaki, hapa," "Wapi?" "Hapa hapa, wewe vipi," na kila siku ni mahali pale pale, na kila siku anajifanya hapajui, hata akawa anachelewa treni... alikuwa anapajua. Bila shaka alikuwa anapajua, mtu mzima na kioo mbele yake. Mungu wee, kumbe alikuwa anapajua.

Na mwaka mpya huu hapakuwa na sauti ile. Alikuja siku zake chache kama kawaida, na figili zake za moshi za Akita zimefungwa vizuri kwenye karatasi, na asubuhi Mitsuyo akiwa amesimama nje ya bafu na taulo mkononi akasikia mngurumo mwingine, wa chini, wa paka aliyeshiba, na Hidenori akatoka na mashine ya vichwa vitatu, kidevu safi, chini ya taya safi, pamepita mkono stadi, akamkuta hapo mlangoni akashtuka kidogo, akainamisha kichwa, "Samahani, nimekuamsha?" Samahani. Mkono wa Mitsuyo ulikuwa umeshanyanyuka, hadi kifuani ulikuwa umefika, akaugeuza ukawa wa kumpa taulo. Na tangu siku hiyo kitu kimemkaa rohoni, mwanamume aliyekuwa mtu wa wavu tangu ujana habadili mashine yake hivi hivi, kuna aliyemshauri, kuna aliyesimama naye mbele ya rafu kama hii huko Akita akamwambia chukua hii, kuna kidole cha mtu, asiyekuwepo na lake halipo, ndivyo wasemavyo, na yeye hakuwepo, akauchemsha wivu wake kimya kimya Januari nzima na Februari, akaenda sokoni, akafagia uchochoro, hakuuliza. Wao hawaulizani. Hata ile jioni ya uhamisho wa kwanza, wa kwenda Akita, chungu kinachemka kwenye jiko dogo la mezani, Hidenori alisema huku anatazama kabichi, "Mtoto ana shule, msijisumbue, mimi nitajiweza," na yeye akasema, "Haya, kama unaona ni vyema," na moyoni anasema niambie njoo, sema njoo tu, nitafunga mzigo usiku huu huu, na alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa anasema moyoni. Watu wawili mlangoni, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, na adabu ikawaweka nje wote wawili.

"Mama?" Oikawa kaizima ya wavu, anadhani imemkwaruza. "Hii kweli ina makelele kidogo. Kwa nyumba za ukuta mwembamba watu wanalalamika. Ndiyo maana wale wazee wanaokaa vyumba vya kampuni, wale waliohamishwa peke yao, nikiwauliza wanachukua hii ya vichwa vitatu, haisumbui jirani," akaiwasha, ni paka yule yule, "na kingine, hii haibakizi. Ya wavu, nikwambie ukweli mama, mtu akiwa na nywele zinazolala upande, hasa huku chini ya taya, inaziruka, inataka uwe na mtu wa kukutazamia. Ukikaa peke yako utaenda kazini na kichaka hapa, nani atakwambia?" akacheka, na Mitsuyo hakucheka, kwa sababu nani atakwambia, nani angemwambia Hidenori, miaka yote hiyo anatoka asubuhi kwenye theluji, kichaka chini ya taya, wafanyakazi vijana wanamwona wananyamaza kwa heshima, anarudi chumbani, anajitazama kwenye kioo cha taa nyeupe, anagundua jioni, na siku moja anakwenda dukani mwenyewe, anasimama kama yeye alivyosimama hapa, kijana mwingine anamwuliza, mzee unakaa na nani, naye anasema... au labda sivyo. Labda kidole cha mtu kipo kweli. Hajui, na hapa dukani hatajua, lakini wivu aliokuja nao umelegea, mahali pake pameingia kitu kingine kinachouma zaidi, anamtamani mume wake, ndivyo, mbele ya rafu hii mwanamke wa umri wake anamtamani mume wake, anataka shingo ile inyooshwe tena mbele yake, anataka kuulizwa swali la kijinga asubuhi na kidole chake kimelowa, na akiulizwa atajibu, na asipoulizwa... asipoulizwa atauliza yeye, atasema Hidenori, hebu lete kidevu, kwa jina lake, atangulie yeye mlangoni, adabu na ikae nje peke yake safari hii.

"Basi tuseme vipi, mama," Oikawa anasema kwa upole, mashine bado mbili, moja kulia, moja kushoto, na wimbo wa duka umerudi mwanzo, "zile ndevu za mzee, zinalala kuelekea wapi?" Na Mitsuyo akaona kidole chake cha shahada kinapanda chenyewe, kinapita kidevu chake mwenyewe laini, kinakwenda chini ya taya, upande wa kushoto, kinatulia mahali ambapo hapajawahi kuota kitu.

"Hapa," akasema. "Zinalala kuelekea sikioni."

"Aa, basi hapo hakuna cha kufikiri, chukua ya vichwa vitatu. Ya wavu hapo itabakiza tu."

"Najua itabakiza," Mitsuyo akasema, akanyoosha mkono kuichukua hiyo hiyo ya wavu.