Santuri Juu ya Debe la Unga

"Yaani sauti ya yaya yangu ndiyo unafunikia unga?"

Gaston, mtu mzima mwenye mke na duka lake hapa Kabambare, hakuona hata haya. "Safi, santuri hii haina wimbo kamili. Nilipoipiga dukani wateja walilalamika. Nifanye nayo nini?"

Nilikuwa na hasira ya siku tatu. Kamio, lile lori lililotutoa Kasongo, lilizama matopeni Wamaza, tukalisukuma mpaka nguo zikabadilika rangi, na Shangazi Régina kando yangu akisali rozari tu. Yeye ndiye aliyeleta balaa lote, na njia nzima sikuchoka kumkumbusha.

Yaya Pascaline, dada yangu mkubwa, alifundishwa opera na Sista Victorine wa misheni. Mwaka 1953 alikuja mzungu mmoja na mashine ya kunasa sauti, akatukusanya ukumbini, akatuonya: hata kikohozi hataki. Yaya akaimba. Sauti ikapanda, ikapanda, na ilipofika juu kabisa, pale ambapo hata Sista hufumba macho, mtu akapiga kigelegele. Ukumbi mzima ukalipuka, hakuna aliyemsikia mwenzake. Mzungu alifoka! Santuri ile iliyoharibika akamtupia Gaston, wakati huo mpishi wake, akanasa nyingine. Hiyo nzuri akaondoka nayo Ulaya, hatukuisikia tena.

Yaya alipokuwa hai tulilichekea jambo lile. Miaka miwili baadaye akafa kwa uzazi, na kicheko kikaniishia. Kigelegele cha Shangazi kinajulikana soko zima, kwa hiyo nikamshikia bango: kama si mdomo wako, mzungu asingekasirika, angetuachia hata nakala, nasi tungebaki na kitu.

Kisha, asubuhi moja ya mwaka 1957, nilijaribu kukumbuka namna Yaya alivyokuwa akiniita. Nikaikosa sauti. Niliogopa kweli, ndipo nikamtafuta Gaston.

Nikaifuta santuri unga kwa pindo la kitenge. Gaston akazungusha mkono wa gramafoni. Ikakwaruza weee, kisha Yaya huyo, kwa mbali, anapanda. Mimi nimeshamkodolea macho Shangazi. Kigelegele kikalia, makelele yakafuata, na karibu kabisa, kana kwamba kanisogelea, Yaya akacheka kile kicheko chake cha kukosa pumzi.

"Ni Safi huyo," akasema. "Mutoto huyu, mudomo yake haifungikake!"

Sindano ikafika mwisho.

Mimi? Basi kule ukumbini mdomo ulifunguka wenyewe bila kuniarifu! Nikamgeukia Shangazi, aliyekuwa amesimama bega kwa bega nami siku ile.

"Kumbe ulijua? Miaka yote hiyo nakutukana, unanyamaza tu?"

"Ulikuwa na kilio chako," akasema, akikunja rozari. "Nikuongezee?"

Nikamvuta karibu na gramafoni. Gaston akauliza debe lake sasa atalifunika na nini. Nikamwambia anyamaze, arudishe sindano. Si mwanzo, pale penye jina langu.